Nyuma ya Kadi

Mwaka 1916, mjini Chicago, Felix Mendelsohn alichapisha kadi 200 za wachezaji wa besiboli, mchezo wa gongo upendwao Marekani. Upande wa nyuma uliachwa wazi kwa matangazo ya wafanyabiashara, miongoni mwao kampuni ya mikate ya Weil ya New Orleans. Hivyo kijana Babe Ruth, aliyekuwa bado mrushaji mpira wa Boston Red Sox, ana sura ile ile, nambari ile ile 151, katika kadi nyingi. Kinachotofautiana ni tangazo.

Mkusanyaji huigeuza kadi kwanza. Tangazo la mkate ni adimu, na uadimu ndio bei. Lakini uadimu huo haukutokana na ustadi wa mpiga picha wala wa mchapaji: umetokana na mikono iliyozitupa nyinginezo.

Basi tuulize: likifunguliwa leo sanduku la kale, zikatoka kadi mia za tangazo lile lile, mwenye nayo moja afurahi au ahuzunike? Akihuzunika, alichokienzi si kadi, bali ni kukosa kwa wenziwe. Wachuuzi watasema soko lina kanuni zake. Nami sibishani na soko, namuuliza mwenye kupenda.

Mwokaji, kwa upande wake, alilipia tangazo limfikie kila mla mkate.