Ataitwa Beti, Basi



Leo nataka tuongee kuhusu majina. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Marehemu mama yangu alibatizwa Elizabeti, ila jina hilo lilibaki kwenye cheti tu. Sokoni alikuwa Beti. Kwenye Jumuiya alikuwa Beti. Baba alimwita Beti, hata siku za kununiana. Siku ya mazishi, Padre alipotaja jina la marehemu, mama mmoja anayeuza nyanya jirani na meza yake alinivuta mkono akaninong'oneza: "Mwanangu, huyo Elizabeti ni nani? Si tumekuja kumzika Beti?"

Baada ya msiba yakaja mambo ya karatasi. Cheti cha ubatizo na cha ndoa vinasema Elizabeti. Akaunti yake ya akiba inasema Beti. Mimi na dada tukazunguka wiki kadhaa, mpaka tukaandika hati ya kiapo kuthibitisha kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Dada alilia pale nje akasema, "Yaani mama yetu tunamwapia kama mtu tusiyemjua."

Mwaka uliofuata dada akajifungua mtoto wa kike. Mimi ndiye nilichaguliwa kuwa mama wa ubatizo. Nikamwuliza jina, akanijibu haraka: "Beti. Na usiniandikie Elizabeti popote. Kwenye tangazo la kizazi Beti, kwenye cheti Beti, kanisani Beti."

Nikacheka. Nikamwambia, "Dada, Beti si jina, ni kifupisho. Utampaje mtoto nusu ya jina?" Shangazi naye akaja juu, kwamba mtoto atachekwa na Padre atakataa. Mimi, kwa vile nimesoma semina mbili tatu za vijana, nikajiona najua sheria zote za Kanisa. Nikaenda kwa Paroko nikitegemea aniunge mkono, ili nirudi nyumbani na ushindi wangu.

Paroko alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza kwamba Kanuni ya 855 ya Sheria za Kanisa inawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie mtoto asipewe jina lililo kinyume na hisia za Kikristo. Basi. Haisemi jina liwe refu. Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea:

"Mama yako alipokuwa anaumwa, usiku ukimwombea, ulimtaja kwa jina gani mbele za Mungu?"

Nikanyamaza. Nikasema, "Padre, nilisema tu 'mama'."

"Na Mungu alijua ni mama yupi?"

Jamani, nilishindwa kujibu. Nililia palepale ofisini.

Vijana wenzangu, kumbe nilikuwa nagombania urefu wa jina, wakati dada yangu alikuwa anagombania upendo. Alitaka sauti ileile iliyokuwa inaitwa pale uani jioni isikike tena nyumbani, na safari hii iandikwe mpaka kwenye karatasi, asije mtu akaapishwa tena.

Fungueni Injili ya Luka, sura ya kwanza, kuanzia aya ya 57. Siku ya nane majirani na ndugu walikuja wakiwa tayari na jina: mtoto aitwe Zakaria kama baba yake. Mama akakataa, akasema ataitwa Yohane. Wakamjia juu kwamba ukoo wao hauna jina kama hilo. Wakamgeukia Zakaria, naye akaomba kibao akaandika, na ulimi wake ukafunguliwa. Sasa huyo mama aliyesimama imara mbele ya ndugu wote aliitwa nani? Elizabeti! Somo wa mama yangu. Mimi na shangazi tulikuwa upande wa wale majirani.

Tena Mungu hajawahi kuyadharau majina ya nyumbani. Simoni mvuvi alipewa na Yesu jina la Kefa, yaani Mwamba, na leo ulimwengu mzima unamjua kama Petro. Yosefu Mlawi wa Kipro, mitume walimbandika Barnaba, mwana wa faraja, na hilo ndilo lililobaki (Mdo 4:36). Bernadeta wa Lurdi alibatizwa kwa majina ya Maria na Bernarda. Bernadeta ni namna ya kumdekeza Bernarda mdogo. Na Mtakatifu Rita wa Kashia, ambaye wengi wetu tunamkimbilia mambo yakishindikana, jina lake ni Margarita lililokatwa. Papa Leo wa 13 alipomtangaza mtakatifu mwaka 1900, hakuna aliyesema amepata nusu ya utakatifu. (Halafu ofisi inayotoa vyeti vya kuzaliwa hapa Tanzania nayo tunaiita RITA. Dada yangu alicheka sana nilipomwambia.)

Lakini tusielewane vibaya. Simaanishi kila utani unafaa kuwa jina. Kuna majina tunawapa watoto kwa sababu ya ugomvi wetu, au ya wimbo uliovuma mwezi huu. Mtoto si ubao wa matangazo. Jina hilo ataitwa darasani, ataliandika kwenye mtihani, ataapa nalo siku ya ndoa, litasomwa siku ya mazishi yake. Kabla hujaliandika, jiulize: je, linatoka kwenye upendo? Akiwa mtu mzima ataweza kulitamka bila kuinamisha kichwa? Mkiona linafaa, basi liandikwe hivyohivyo kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye daftari la ubatizo. Kuweka karatasi sawa nako ni kumpenda mtoto.

Na wewe uliyepewa jina la uchungu, unayeitwa Shida, Tabu au Mashaka, usikate tamaa. Yabesi alipewa jina kwa sababu ya maumivu ya mama yake, akamlilia Mungu, na Mungu akampa alichoomba (1 Nyakati 4:9-10). Raheli akiwa anakata roho alimwita mwanawe mwana wa uchungu wangu, lakini baba yake akamwita Benyamini (Mwanzo 35:18). Bakhita aliibwa utotoni, akasahau kabisa jina alilopewa na wazazi wake. Waliomteka walimwita Bakhita, yaani mwenye bahati, ni kama dhihaka. Alipobatizwa mwaka 1890 akaitwa Josefina, na lile jina la watesi wake leo tunaliomba kama la mtakatifu. Hakuna jina ambalo Mungu hawezi kuliokoa.

Siku ya ubatizo, Paroko aliwauliza wazazi wamempa mtoto jina gani. Dada akajibu kwa sauti iliyofika mpaka nyuma: "Beti!" Nikageuka kidogo. Yule mama wa nyanya alikuwa amekaa benchi la tatu, anafuta macho kwa ncha ya kanga. Safari hii hakuhitaji kumwuliza mtu.

Zoezi la wiki hii: mwulize mzazi au mlezi wako ni nani aliyekupa jina lako, na kwa nini. Usikilize mpaka mwisho, usimkatize. Halafu usiku, kabla ya kulala, kaa kimya dakika tano, umwache Yesu Mchungaji Mwema akuite kwa jina hilo hilo wanalokuita nyumbani. Analijua.

Tuombe. Ee Bwana, wewe unatujua kabla hatujaandikwa popote. Utujalie kuitana kwa upendo, tusimwite mtu kwa dharau. Uwapumzishe kwa amani marehemu wetu, na wale ambao majina yao hayajaandikwa kwenye karatasi yoyote, uyaandike wewe moyoni mwako. Mtakatifu Elizabeti, utuombee. Amina.