Ujira wa Mchezaji

Liko swali ambalo kila kijana mwenye miguu myepesi au mkono wenye shabaha hana budi kulijibu siku moja: je, mchezo ukigeuzwa kuwa kazi, na mchezaji akapokea fedha kwa kucheza, heshima yake hupungua? Wakubwa wa michezo walijibu kwa miaka mingi kwamba hupungua. Walisema ya kuwa mchezaji wa ridhaa, achezaye kwa mapenzi tu, ni mwungwana; na mchezaji wa kulipwa ni mchuuzi. Nakuomba, msomaji, usilipokee jibu hilo kabla ya kulipima. Watu wa Kisii na Nyamira wana mizani ya kulipimia.

Tazama mwaka 1968. Mwezi wa Aprili mwaka ule, katika mji wa Bournemouth, Uingereza, wachezaji wa tenisi wa kulipwa waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana na wale wa ridhaa. Miezi michache baadaye Rod Laver wa Australia alishinda Wimbledon, akapewa pauni 2,000. Mtu huyu alikwisha kushinda pale pale mwaka 1961 na 1962 bila ujira. Lakini alipojiunga na wachezaji wa kulipwa, mlango wa mashindano yale makuu ulifungwa mbele yake tangu mwaka 1963 hata 1967. Miaka mitano ya ubora wa nguvu zake ilipita yeye akiwa nje. Aliporudi, mchezo ulikuwa ule ule, na mkono wake wa kushoto ulikuwa ule ule. Ni kitu gani, basi, kilichokuwa kimechafuka, na ni kitu gani kilichotakasika?

Mwaka huo huo, tarehe 13 Oktoba, katika mji wa Mexico ulioinuka zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, Naftali Temu aliingia katika mbio za mita 10,000. Alikuwa askari wa jeshi la Kenya, na kwao ni Nyamira, ambayo siku zile ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Kisii. Kipchoge Keino alitoka mbioni kwa maumivu. Mamo Wolde wa Ethiopia alishindana na Temu mpaka mzunguko wa mwisho, na Temu akampita karibu na utepe, kwa tofauti isiyotimia sekunde moja. Ilikuwa nishani ya kwanza ya dhahabu ya Kenya katika Olimpiki. Siku nne baadaye Temu akaongeza ya shaba katika mita 5,000. Sheria ya riadha haikumruhusu kufanya mbio kuwa kazi ya kumlipa. Bingwa wa tenisi aliondoka uwanjani na pauni zake. Bingwa wa mbio aliondoka na nishani na makofi.

Sheria ya ridhaa ilitoka wapi? Haikutoka kwa watu wa miguu mitupu. Ilitungwa na kukuzwa Uingereza katika karne ya 19 na watu wenye mali na nafasi. Na katika mashindano ya makasia ya Henley mafundi na vibarua walizuiwa kushiriki kwa sababu tu walifanya kazi ya mikono. Mwenye ghala lililojaa huona rahisi kudharau ujira. Sheria hiyo ilipofika kwa Nyandika Maiyoro wa Kisii ilimkuta mtu wa hali nyingine. Mwaka 1954 alikimbia maili tatu mjini London bila viatu, akawa wa tatu nyuma ya Waingereza wawili. Katika Olimpiki, mbio za mita 5,000, alikuwa wa saba Melbourne mwaka 1956, na wa sita Roma mwaka 1960. Kumwambia mtu wa namna hii kwamba fedha itamvunjia heshima ni kumwuzia sifa kwa bei ya chakula chake.

Nenda Tabaka, ukawaangalie wachongaji wa jiwe laini. Hulipwa kwa kila kiboko na kila bakuli, na sijamsikia mtu akisema kwamba kwa sababu hiyo si mafundi. Mchuma chai wa Nyamira hupimiwa majani yake kwa kilo, wala mizani haimwondolei heshima. Kwa nini miguu peke yake iwe haramu kulipwa? Nakiri kwamba mapenzi huweza kuchakaa: kiboko wa hamsini hachongwi kwa furaha ya kiboko wa kwanza. Lakini uchovu si uovu.

Utanijibu kwamba fedha imeleta udanganyifu. Ni kweli. Wakimbiaji wengi wa Kenya wamefungiwa kwa kutumia dawa zilizokatazwa, hata mwaka 2016 likaundwa shirika la serikali la kupambana nazo. Na katika tenisi wapo waliofungiwa maisha kwa kuuza matokeo. Watu hao, hata hivyo, hawakuuza jasho lao. Waliuza ukweli wa shindano, ambao ni mali ya mpinzani na ya mtazamaji pia. Na auzaye kisicho chake ni mwizi, awe wa ridhaa au wa kulipwa. Wala zamani hazikuwa safi. Katika tenisi ya ridhaa, kabla ya mwaka 1968, malipo yalipita chini ya meza kwa jina la gharama za safari. Sheria iliwafundisha watu wanyofu kusema uongo.

Riadha ilianza kulegeza kamba mwaka 1982, fedha zikaruhusiwa kuwekwa akiba kwa ajili ya mwanariadha. Temu alikuwa amekwisha kuacha mbio. Mshonaji hushona hata uzeeni, lakini miguu ya mkimbiaji huzeeka kabla ya mwenyewe. Temu alikuwa na umri wa miaka 23 alipopanda jukwaani Mexico, na 57 alipofariki mwezi wa Machi 2003. Katikati ipo miaka 34. Hesabu, msomaji, ni karo ngapi za watoto hulipwa katika miaka 34, na ni mabati mangapi hununuliwa, kisha useme ni ipi kati ya hizo iliyoweza kulipwa kwa makofi ya siku moja.