Swali la Mtoto Mbele ya Vipepeo



Siku za kaskazi iliyopita tulimchukua mjukuu wetu, mtoto wa miaka mitano, tukaenda naye Gede kuangalia vipepeo. Pembeni mwa magofu ya mji ule wa kale, ambao msikiti wake mkuu ungali na kibla chake ingawa hauna wa kuusalia, pana nyumba ya wavu waliyomo vipepeo. Kazi hiyo ilianzishwa mwaka 1993. Wakulima wakaao kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke huwalea viwavi kwa majani, na wakisha kujifunga katika vifuko vyao huuzwa na kupelekwa Ulaya na Marekani kabla hawajatoka. Basi wakulima hao wana sababu ya kutaka msitu usimame, wala si kukatwa. Wala msidhani kuwa haya ni mambo ya mbali: kiwavi wa mndimu twamjua sote nyuani mwetu, nasi kazi yetu ni kumkanyaga.

Mtoto alisimama mbele ya kifuko kilichoning'inia mfano wa jani lililonyauka. Akauliza, "Babu, huyu amekufa?" Kando yake kipepeo mwingine alikuwa ametoka punde, mbawa zimekunjamana, naye ametulia akingoja zinyooke. Mtoto akamtazama muda mrefu, kisha akasema, "Basi Nyanya naye atatoka hivi?"

Nyanya yake tulimzika Mfunguo Tano.

Mwenzetu tuliyefuatana naye alikwisha kufungua kinywa aseme ndiyo. Na sisi, hatuwafichi, tulitamani aseme. Ni jibu tamu, tena lingemnyamazisha mtoto. Lakini si kweli. Yule mdudu hakufa. Yumo ndani anavuta pumzi kwa matundu madogo ya ubavuni, na sehemu kubwa ya mwili wa kiwavi yavunjwa na kujengwa upya kuwa kipepeo. Maiti wetu hayuko hivyo.

Watu watasema: kuna dhara gani, na nia ni njema? Dhara ni hili. Mtoto huyu kesho atakwenda skuli, na mwalimu atamfundisha kuwa kifuko kina uhai. Siku hiyo atajua kuwa babu yake alimdanganya, na hatautupa mfano peke yake, bali ataitilia shaka na Kiyama tuliyoitundika juu yake. Wangapi katika vijana wetu tumewapoteza hivi, kisha tukailaumu skuli!

Na wengine humkemea mtoto: nyamaza, usiulize, utakufuru. Nabii Ibrahim, amani imshukie, alimwomba Mola wake amwonyeshe vipi huwafufua wafu, ili moyo wake utulie, naye hakukemewa bali alionyeshwa kwa ndege. Je, mtoto wa miaka mitano ndiye wa kukemewa? Na Qurani yenyewe, inapotutolea mfano wa ufufuo, yatuelekeza mara kwa mara kwenye ardhi iliyokufa inayoteremshiwa mvua ikahuika. Huo ni mfano tuliopewa na Mwenye kufufua, nasi twautafutia badala ya nini?

Basi tuliinama tukamwambia, "Huyu hakufa, amejificha tu. Nyanya amekufa kweli. Na Mwenyezi Mungu atamfufua."

"Na mbawa?"

"Hilo hatukuambiwa."

Akalia kidogo, nasi tukamwacha alie. Tuliporudi nyumbani tulimpeleka nyuma ya ua, penye kiwanja kilichokauka hata kikapasuka, tukamwambia akitazame vizuri, kisha angoje masika.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku. Alfajiri, kabla ya adhana, alikuwa mlangoni petu miguu mitupu, akitaka taa.