Haki ya Mikono

Swali ninalotaka kulijadili hapa linaweza kuonekana dogo, hata la kuchekesha, kwa mzee wa zaidi ya miaka sabini aliyetumia nusu ya umri wake kufundisha walimu. Swali lenyewe ni hili: je, inafaa mtu mzee kuhangaika na ngozi ya mikono yake? Kuipaka mafuta, kuilainisha, kutamani irudie hali yake ya zamani, ni utunzaji au ni majivuno? Nilidhani nalijua jibu. Mke wangu alinionyesha kwamba silijui.

Ilianza hivi. Mjukuu wetu alikuja likizo kutoka mjini, akamletea bibi yake kopo dogo la krimu. Alisema inaondoa mabaka na makunyanzi, na kwamba baada ya mwezi mmoja mikono ya bibi itakuwa kama ya msichana. Mimi nikakohoa, nikakaa sawasawa kitini, nikatoa hotuba kana kwamba niko mbele ya wanachuo. Nilisema kwamba makunyanzi ni hati ya utumishi. Kwamba mzee anayeficha uzee wake ni mwongo. Kwamba mikono ya bibi ni historia ya nyumba hii, na mtu hafuti historia. Mjukuu aliinamisha kichwa. Nami nikaridhika.

Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. "Baba Neema," alisema, "hiyo unayoisifu ni mikono yangu, si yako. Wewe haikupasuki. Mimi nikishika chumvi natokwa na machozi."

Sikuwa na la kujibu. Usiku ule niliweka mikono yangu mezani chini ya taa nikaitazama kwa muda mrefu. Mishipa imetokeza, na mgongoni mwa kila mkono kuna mabaka ya jua. Lakini viganja ni laini. Nilijiuliza: mimi niliyehubiri kazi maisha yangu yote, ulaini huu nimeupata wapi?

Nilijiunga na ualimu miaka michache baada ya 1967, mwaka ambao Mwalimu Nyerere alitoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Tulipokuwa wanachuo tulilima kweli, tukafuga nguruwe na kufyatua matofali. Baadaye nilipokuwa Mkuu wa Chuo niliendelea kusema kwamba msomi asiyeshika jembe ni mzigo kwa taifa. Nilisema hayo nimesimama pembeni mwa shamba, daftari mkononi, nikihesabu matuta ya wengine. Kitu pekee kilichokula ngozi yangu ni vumbi la chaki. Na nyumbani, katika miaka ya themanini, mshahara ulipokuwa hautoshi hata nusu ya mwezi, waliotulisha ni mahindi na maharage. Wahenga walisema jembe halimtupi mkulima. Mkulima alikuwa mke wangu. Mimi nilikuwa nakula.

Kwa hiyo mikono yangu laini haikuwa bahati. Ugumu uliopaswa kuwa wa watu wawili ulikaa katika viganja vya mmoja. Na huyo mmoja alipotaka nafuu, mimi nikamwambia maumivu yake ni heshima.

Kuna jambo jingine nililolikumbuka usiku huo. Mwaka 2019, ilipotangazwa kwamba kila mwenye simu asajili laini yake kwa alama za vidole, tulikwenda pamoja. Mashine ilisoma kidole changu mara ya kwanza. Cha mke wangu ilikikataa. Walijaribu kidole gumba, cha shahada, cha kati, mkono wa kulia na wa kushoto. Kijana aliyeshika mashine, bila ubaya wowote, alitangaza mbele ya foleni nzima: "Bibi huyu hana alama." Wakamwambia akapake mafuta vidole vilainike, arudi siku nyingine. Alifanikiwa safari ya tatu. Njiani siku ile ya kwanza aliificha mikono yake ndani ya kanga, na mimi nikazungumzia habari ya mvua.

Sasa nalitazama jambo hilo kwa uchungu. Matuta madogo ya vidole hulika kwa kazi ya miaka mingi, na umri nao huyashusha. Aliyefanya kazi ndogo akatambuliwa papo hapo, na aliyefanya kazi kubwa akaambiwa hana alama. Kama mikono ni hati ya utumishi, kama nilivyohubiri, basi hati hiyo ilikataliwa mbele yangu nami nikanyamaza.

Hebu turudi kwenye ngozi yenyewe, maana mwalimu hapaswi kutoa maadili bila kueleza maarifa. Ngozi ya mgongo wa mkono ni nyembamba na chini yake mna mafuta machache. Ndiyo sababu mishipa hutokeza. Nyuzi za kolajeni zinazoishikilia hupungua kadiri umri unavyosonga, nayo hulegea. Kiganja hakina tezi za mafuta kabisa, kwa hiyo hukauka na kupasuka upesi. Jua huongeza uharibifu, na sabuni kali huondoa hata unyevu uliobaki. Hakuna mafuta yatakayorudisha miaka arobaini. Lakini ukavu na nyufa vina dawa, nayo ni rahisi: kunawa kwa sabuni isiyo kali, kupaka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, na kuifunika mikono juani. Mafuta mazito ya mgando, kama yale ya Vaseline ambayo hataza yake ilitolewa Marekani mwaka 1872, hayana miujiza. Huzuia tu maji ya ngozi yasitoroke. Ukipaka usiku na kuvaa soksi safi mikononi, asubuhi utaona tofauti.

Na lile kopo la mjukuu? Nilivaa miwani nikasoma maandishi yake. Lilikuwa na haidrokwinoni. Vipodozi vyenye dawa hiyo, kama vile vyenye zebaki, vimepigwa marufuku nchini mwetu, na si bure. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu ovyo inaweza kuifanya ngozi iwe nyeusi zaidi kwa mabaka yasiyotoka. Zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu. Nilimweleza mjukuu kwa upole, safari hii bila hotuba. Aliogopa, maskini, alikuwa amenunua kwa upendo. Tukalitupa pamoja.

Basi nilidhani nimepata mpaka ulio wazi: kutunza ni halali, kujipamba uzeeni ni upuuzi. Nikamweleza mke wangu. Alicheka. "Na kama nataka iwe mizuri tu," akauliza, "kuna ubaya gani? Siku ya kukuaga chuoni, nani alipaka ndevu zake piko?"

Ni mimi niliyepaka. Nilitaka wageni wanione bado nina nguvu, na sikujiita mwongo. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kosa langu. Mtu anapotaka kuwa na sura nzuri hasemi uongo. Anataka tu asitazamwe kwa huruma. Uongo upo, lakini uko kwingine. Uko kwa anayeuza sumu akiiita ujana. Uko pia kwa anayesifu makovu ya mwenzake ili asiulizwe yametoka wapi. Yule wa kwanza ni rahisi kumlaani. Huyu wa pili ni mimi.

Jibu langu, basi, ni hili. Tusiulize kwanza kama mzee ana haki ya kutamani mikono mizuri. Tuulize ni nani aliyeichosha, na ni nani aliyeshiba kwa kuchoka kwake. Tukishajua hilo, mafuta hayawi tena suala la majivuno. Yanakuwa deni. Wahenga wana haki waliposema mkono mtupu haulambwi; lakini mkono uliotulisha, hata ukiwa mtupu leo, unastahili kushikwa.

Siku hizi, baada ya chakula cha jioni, mimi ndiye ninayeosha vyombo. Nilianza nikiwa na miaka sabini na tatu, na nimevunja vikombe viwili. Kisha nakaa karibu na mke wangu na kopo la mafuta, nampaka mkono mmoja mmoja, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole. Mara ya kwanza aliona aibu akavuta mkono. Sasa anauleta mwenyewe. Nyufa zimefunga. Makunyanzi yapo palepale, na alama za vidole hazijarudi. Lakini juzi alikamua ndimu kwenye mboga, na hakutokwa na machozi.