Mdhamini wa Kwanza Hudhaminiwa na Nani?

Tarehe 13 Agosti 2024 Microsoft ilitoa masasisho ya kila mwezi ya Windows. Hazikupita siku nyingi, watu waliokuwa na Windows na Linux kwenye kompyuta moja wakaanza kulalamika. Mtu akiwasha mashine na kuchagua Linux, kioo kinabaki cheusi na mistari michache ya Kiingereza inajitokeza: data ya shim haikupita ukaguzi, sera ya usalama imekiukwa, kuna jambo limeharibika vibaya. Kisha mashine inazimika yenyewe. Akichagua Windows, inawaka vizuri kabisa. Kwenye diski hakuna faili la Linux lililofutwa wala kubadilishwa. Kilichobadilika ni kwamba programu iliyoaminiwa jana, leo haiaminiwi.

Mafundi wa mifumo miwili walikuwa wamezoea matatizo ya aina nyingine. Zamani sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512 tu, ndiyo iliyobeba programu ya kuanzisha kila kitu, na programu yenyewe ilipewa baiti 446. Aliyesakinisha Windows baada ya Linux alikuta Windows imeandika ya kwake juu ya ile iliyokuwapo, basi Linux haionekani tena ingawa ipo. Kwenye mashine za sasa za UEFI, yaani zenye programu dhibiti ya kisasa kwenye ubao mama, kila mfumo una faili lake katika sehemu ndogo ya diski, na orodha ya nani atangulie hukaa kwenye kumbukumbu ya ubao mama. Windows ikijipandisha juu ya orodha, fundi huishusha, kazi imekwisha. Kuna pia suala la saa: Windows huichukulia saa ya ubao mama kuwa ni ya mahali mtu alipo, Linux huichukulia kuwa ni ya UTC, ndiyo maana mtu wa Mombasa au Dar es Salaam akihama mfumo mmoja kwenda mwingine hukuta saa imeruka kwa saa tatu nzima. Hayo yote ni matatizo ya mpangilio. La Agosti 2024 lilikuwa tatizo la dhamana, na dhamana ina swali ambalo wanafalsafa wamelihangaikia tangu kale.

Dhamana hiyo husimamiwa na Secure Boot, iliyoenea pamoja na Windows 8 mwaka 2012. Kazi yake ni kuzuia programu ya mhalifu isiishike mashine kabla mfumo haujaamka, kwa sababu ikishatangulia hapo, inaweza kujificha hata programu ya kuzuia virusi isiione. Ndani ya ubao mama huwekwa funguo. Programu ya kwanza haiendeshwi mpaka saini yake ilingane na ufunguo mmojawapo. Ikishapita, nayo humkagua anayefuata, na huyo humkagua wa baada yake. Kompyuta nyingi hutoka kiwandani zikiwa na funguo za Microsoft, na watu wa Linux hawakuwa na zao humo. Ndipo ikaandikwa shim, programu ndogo inayosainiwa na Microsoft, ambayo imebeba ufunguo wa Ubuntu, wa Fedora au wa mwingine. Ubao mama unaidhamini shim, shim inaidhamini GRUB, programu inayoianzisha Linux, nayo GRUB inaidhamini kiini cha Linux. Kila mmoja anaaminiwa kwa sababu ya aliyemtangulia.

Na wa kwanza je?

Agrippa, Mgiriki wa kundi la wenye shaka ambaye hoja zake zimehifadhiwa na Sextus Empiricus, alionyesha kwamba anayedai uthibitisho wa kila jambo ana njia tatu tu. Ama atatoa uthibitisho wa uthibitisho bila kikomo, ama atazunguka na kurudi pale alipoanzia, ama atasimama mahali fulani bila kutoa sababu. Kompyuta ina sekunde chache za kuwaka, kwa hiyo ya kwanza haiwezi. Ya pili ni hatari, kwani mwizi naye angeweza kujidhamini mwenyewe. Inabaki ya tatu: inasimama kwenye ufunguo uliowekwa kiwandani, na ufunguo huo haukaguliwi na yeyote.

Mwaka 1984 Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, alichapisha mhadhara alioutoa alipopewa Tuzo ya Turing, na humo akauzidisha ugumu wa jambo hili. Alionyesha jinsi kikusanyaji, yaani programu inayogeuza maandishi ya mwandishi kuwa amri za mashine, kinavyoweza kufundishwa kuingiza mlango wa siri katika programu ya kuingilia mfumo, na pia kuurithisha ujanja huo kwa kila kikusanyaji kipya kitakachotengenezwa nacho. Maandishi yote yatakuwa safi. Mkaguzi atayasoma mstari kwa mstari asione kitu. Hoja yake hadi leo haijapata jibu la mkato, kwa sababu anayekagua naye hutumia chombo kilichotengenezwa na mtu mwingine.

Msomaji aliyekaa na vitabu vya hadithi za Mtume anaijua sura nyingine ya mnyororo huu. Maimamu kama Bukhari, aliyefariki mwaka 870, hawakupokea kauli mpaka wajue fulani ameipokea kwa fulani, naye kwa fulani. Kila msimulizi alichunguzwa: ukweli wake, kumbukumbu yake, kama kweli aliwahi kukutana na yule anayemnukuu. Aliyedhoofika kumbukumbu uzeeni, zilipokelewa alizozisimulia kabla na zikaachwa za baadaye. Mnyororo ukifika kwa Masahaba, wanazuoni wa Kisunni husimamisha uchunguzi wa uadilifu, na husema wazi kwa nini: wamesifiwa ndani ya Qurani. Mtu anaweza kukubaliana nao au asikubaliane, lakini mahali wanaposimama panajulikana, na sababu imetajwa. Huo ni uungwana wa kielimu, na ndio unaokosekana kwenye ubao mama. Mnunuzi wa kompyuta haambiwi ni funguo za nani zilizomo, wala kwamba zimo kwa sababu kompyuta nyingi huuzwa ili kuendesha Windows.

Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alifika mbali zaidi. Katika kitabu chake cha kujieleza anasimulia jinsi alivyozitilia shaka hisi, kisha akili yenyewe, akakosa pa kushika. Kila hoja ya kumtoa shakani ilihitaji misingi ileile aliyokwisha kuitilia shaka. Anasema hakuponywa kwa hoja bali kwa nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Jibu hilo ni la mwanadamu mbele ya Mola wake. Mashine haina kifua cha kutiwa nuru. Chochote inachokiamini mwanzo, kuna mtu amekiweka, na mtu huyo anaweza kukosea.

Kukosea kwenyewe kulidhihirika Julai 2020, ilipotangazwa kasoro ya GRUB iliyopewa jina la BootHole. Programu yenye saini halali ilikuwa na tundu ambalo mhalifu angeweza kupitia. Saini ilikuwa ya kweli na usalama haukuwepo. Kuzipiga marufuku GRUB zote mbovu moja moja kulihitaji orodha ndefu, na kumbukumbu ya ubao mama ni ndogo. Ikabuniwa SBAT: kila programu inabeba nambari ya kizazi chake, na nambari moja ikipandishwa kwenye ubao mama, vizazi vyote vya nyuma vinakataliwa kwa mpigo. Sasisho la Agosti 2024 lilipandisha nambari hiyo. Microsoft ilikuwa imesema kompyuta zenye mifumo miwili hazitaguswa, lakini utambuzi wake haukuzigundua baadhi ya kompyuta hizo. Marekebisho kamili yalikuja na masasisho ya Mei 2025.

Kwa miezi ile yote dawa ilikuwa mikononi mwa mwenye mashine. Aliingia kwenye mipangilio ya ubao mama kabla mfumo haujawaka, akaizima Secure Boot, akafungua Linux, akaandika katika terminali `sudo mokutil --set-sbat-policy delete`, akawasha upya na kuingia Linux tena, kisha akairudisha Secure Boot. Hatua hiyo ya kwanza kwa kawaida haifanyiki kutoka mbali kwa mtu asiye na mashine mbele yake. Ndivyo ilivyo pia kwa anayetaka kuongeza ufunguo wake mwenyewe: shim humwekea skrini ya bluu kabla ya mfumo kuwaka, na humtaka aandike kwa mkono nenosiri alilolichagua.

Hapo ndipo penye jibu linaloweza kutetewa. Agrippa hashindwi, kwa kuwa lazima tusimame mahali. Lakini kusimama juu ya ufunguo ambao mwenye mali anaweza kuuona, kuuhoji na kuuondoa si sawa na kusimama juu ya ule aliokatazwa kuugusa. Tofauti hiyo imewahi kuuzwa madukani. Kompyuta za kawaida zilizothibitishwa kwa Windows 8 zilitakiwa kumruhusu mwenyewe kuizima Secure Boot. Tableti zenye chipu za ARM zilizotumia Windows RT zilitakiwa kumnyima ruhusa hiyo. Teknolojia ilikuwa ileile. Ilipokuja Windows 10, uamuzi kuhusu kompyuta za kawaida ukaachiwa watengenezaji. Huo ulikuwa uamuzi mbaya, na wanunuzi wengi hawakuusikia.

Vyeti vya Microsoft vya mwaka 2011, vinavyobeba mnyororo huu kwenye kompyuta nyingi za zamani, ukomo wake unaanza Juni 2026, na nafasi yake inachukuliwa na vya 2023. Mwenye mifumo miwili afanye mambo matatu mapema: anakili ufunguo wa BitLocker, yaani kufuli la Windows la kusimba diski, na kuuweka nje ya kompyuta hiyo, kwani kuigusa Secure Boot kunaweza kumfanya aulizwe ufunguo huo; asasishe Linux pamoja na programu dhibiti ya ubao mama, kisha afungue terminali na kuandika `mokutil --db`, asome mwenyewe majina ya wale ambao mashine yake inawaamini.