Je, Rafiki Amdai Rafiki Yake? Neno la Madeni ya Vita

Yako maswali ambayo mtu huyajibu upesi yakiwa kati yake na jirani yake, lakini yakipanda hata kufika kwa marais na mabaraza, jibu lile la kwanza halitoshi tena. Swali moja la namna hiyo ni hili. Watu wawili wamepigana vita upande mmoja, mmoja ametoa fedha nyingi, mwingine ametoa watoto wake, vita vimekwisha. Je, ni haki yule wa fedha amdai yule wa damu? Na yule wa damu, je, ana ruhusa kusema, Mimi nimekwisha kulipa?

Jambo hili si fumbo la kutungwa. Limetokea mara mbili katika karne ya ishirini kati ya Marekani na wenziwe wa Ulaya, hasa Uingereza.

Marekani iliingia katika vita ya kwanza mwezi wa Aprili 1917. Waingereza walikuwa wamekwisha kuwakopesha Wafaransa, Waitalia na Warusi, hata hazina yao ikapungua. Ndipo Wamarekani wakaanza kuwakopesha wote. Hata amani ilipokuja, mataifa ya Ulaya yaliwiwa na serikali ya Marekani dola bilioni 10 hivi. Mwingereza kwa upande wake aliwadai wenziwe zaidi kuliko alivyodaiwa yeye. Kwa hiyo mwezi wa Agosti 1922 Bwana Balfour alitoa waraka akisema kwamba Uingereza haitataka kwa wadeni wake zaidi ya kile itakachotakwa na Marekani. Huko London waraka huo ulionekana kuwa wa ukarimu. Huko Washington ulionekana kuwa hila, ya kuwafanya Wamarekani waonekane peke yao kuwa wadai wakali. Sisi twadhani ulikuwa yote mawili.

Mwaka wa 1923 Bwana Baldwin alipatana na Wamarekani kwamba deni la Uingereza, dola milioni 4,600, lilipwe katika miaka 62, kwa riba ya tatu kwa mia miaka kumi ya kwanza, kisha tatu na nusu. Mkuu wake, Bonar Law, aliona masharti haya mazito mno, akakaribia kujiuzulu.

Sasa tuwasikilize wote wawili, maana mwamuzi asikilizaye upande mmoja hana haja ya kuketi. Marekani alisema: Fedha hii si yangu. Niliikusanya kwa watu wangu, wakulima na mafundi, walionunua hati za serikali. Wao wananidai, nami sina budi kuwalipa. Nikiwasamehe ninyi, mzigo huu ninawatwika wao. Wafaransa na Waingereza walijibu: Fedha ile haikufika kwetu kama fedha. Ilitumika kwenu, kwa ngano yenu na pamba yenu na risasi zenu. Wenye viwanda vyenu walipata faida. Tena tangu mlipoingia vitani hata majeshi yenu yalipokuwa tayari, ulipita muda wa mwaka na zaidi, na katika muda ule ni vijana wetu waliosimama mahali pa vijana wenu. Risasi iliyofyatuliwa na askari wenu haikuandikwa katika daftari ya deni. Kwa nini ile iliyofyatuliwa na wetu iandikwe?

Hatuoni uwongo katika maneno ya huyu wala ya yule. Walakini liko jambo moja ambalo hatuwezi kulitetea. Marekani alitaka alipwe, naye hakutaka kununua bidhaa za wadeni wake. Mwaka wa 1922, tena mwaka wa 1930, aliongeza ushuru wa forodha, bidhaa za Ulaya zikashindwa kuingia kwake. Huyu ni kama mtu aliyemkopesha mkulima, kisha akaketi njiani na fimbo akimzuia kupeleka mahindi yake sokoni, na jioni akapiga hodi kudai. Torati yakataza, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, kumtoza mdeni rehani ya jiwe lake la kusagia; na sababu yake haifichiki, maana aliyenyang'anywa kitu cha kumpatia chakula hawezi kula, seuze kulipa.

Kwa kuwa hawakuweza kulipa kwa bidhaa, walilipa kwa njia ya ajabu. Wadachi waliwekewa mwaka wa 1921 fidia ya vita, marki za dhahabu bilioni 132. Tangu mwaka wa 1924 matajiri wa Marekani waliwakopesha Wadachi. Wadachi wakawalipa Wafaransa na Waingereza. Nao wakailipa serikali ya Marekani. Fedha ikazunguka kama maji yachotwayo kisimani na kumwagwa kisimani, na kila aliyeshika ndoo akajiona amefanya kazi. Biashara ya dunia ilipoanguka baada ya mwaka wa 1929, wenye kukopesha wakaacha, na ule mviringo ukakatika. Juni 1931 Rais Hoover aliahirisha malipo yote mwaka mmoja. Ulipokwisha, Uingereza ililipa tena Desemba 1932, dola milioni 95 na zaidi, kwa dhahabu. Wafaransa wakakataa, na waziri wao mkuu Herriot, aliyetaka kulipa, akaangushwa na baraza lake. Juni 1934 Waingereza nao wakaacha. Wamarekani walikuwa wametoa sheria mwezi wa Aprili mwaka ule ule, ya kwamba serikali iliyoacha kulipa isikopeshwe tena. Hivyo Hitler alipoanza vita mwaka wa 1939, Mwingereza hakuwa na njia ya kukopa Marekani. Ikambidi anunue kwa fedha taslimu, hata akaba yake ikakaribia kwisha.

Katika kundi lile lote taifa moja dogo liliendelea kulipa, nalo ni Finland, nchi ya ndugu zetu Walutheri. Deni lao halikuwa la bunduki bali la chakula, walichopewa baada ya vita walipokuwa na njaa, nao ndio kwanza wamejitawala. Lilipopangwa mwaka wa 1923 lilikuwa dola milioni 9, jambo dogo mbele ya mabilioni ya wakubwa. Wengine watasema, Ni rahisi kuwa mwaminifu katika madogo. Sisi hatukubali kwamba ni rahisi. Nchi maskini hulia kwa dola moja kama tajiri aliavyo kwa elfu. Mwaka wa 1949 baraza la Marekani likaamuru kwamba fedha ziletwazo na Wafini zitumike kuwasomesha vijana wa Kifini huko Marekani. Angalieni jambo hili: mdeni hakuomba kusamehewa, mdai hakusema amesamehe, lakini fedha ile iligeuka kuwa zawadi mikononi mwa anayepokea.

Luther alifikiri sana habari za kukopa na kukopesha. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1524 juu ya biashara na riba alifundisha kwamba Mkristo akikopesha awe tayari kupoteza, wala asitazamie zaidi ya alichotoa. Lakini katika kitabu kile kile alisema pia kwamba ulimwengu wahitaji serikali yenye nguvu ya kuwalazimisha watu warudishe walivyokopa, ijapokuwa Mkristo mwenyewe asingedai. La sivyo waovu wangekula mali ya wote. Ndipo tatizo letu lionekanapo wazi. Rais akopeshaye taifa jingine, amesimama wapi? Je, ni Mkristo mwenye kufungua mkono wake? Mkono ni wake, lakini kilichomo ni cha watu wake. Mtu hawezi kuwa mkarimu kwa mfuko wa mwenzake. Basi msamaha wa taifa hauwezi kutoka moyoni mwa mtu mmoja. Sharti watu wenyewe waambiwe kweli, kwamba hili tunalotoa halitarudi.

Neno hilo la kweli ndilo Rais Roosevelt alilolikaribia, kisha akalizunguka. Desemba 1940 aliwapa waandishi wa magazeti mfano: nyumba ya jirani ikishika moto, nami nina mpira wa kunyweshea bustani, simwambii kwanza anilipe bei yake, nampa azime moto, kisha anirudishie. Mfano ni mzuri, watu wote wakauelewa. Machi 1941 ikatoka sheria ya kuazimisha vitu vya vita, na kabla ya mwisho vitu vya thamani ya dola bilioni 50 hivi vilitolewa, zaidi ya nusu vikienda kwa Uingereza na milki yake. Lakini twauliza: risasi hurudishwaje? Mpira wa maji ukiisha kazi hukunjwa ukarudishwa. Kombora likiisha kazi halipo. Ilikuwa zawadi iliyovikwa nguo ya mkopo, kwa sababu watu wa Marekani walichoka na neno la deni la vita, na neno la zawadi hawakuwa tayari kulisikia. Tena ndani ya mkataba kulikuwa na sharti: Waingereza wawe pamoja na Wamarekani katika kuondoa upendeleo wa biashara, ambao kwao ulikuwa nguzo ya milki.

Agosti 1945, Wajapani walipokwisha kushindwa, Rais Truman aliukata msaada huo ghafula. Uingereza ilikuwa upande wa washindi, na hazina yake tupu. Bwana Keynes, mjuzi wa mambo ya fedha, alitumwa Washington, akitumaini kupata zawadi kwa ajili ya miaka ile Waingereza waliposimama karibu peke yao. Alirudi Desemba na mkopo wa dola milioni 3,750, pamoja na milioni 650 za kumaliza hesabu ya vitu vya kuazimwa. Riba mbili kwa mia. Malipo ya miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka 1951. Sharti moja lilikuwa kwamba mtu mwenye paundi apewe ruhusa kuibadili kuwa dola. Jambo hilo likaanza tarehe 15 Julai 1947, na tarehe 20 Agosti likasimamishwa, maana dola zilikimbia kama maji katika mtungi uliopasuka. Keynes hakuyaona hayo. Alifariki siku ya Pasaka mwaka wa 1946.

Waingereza walinung'unika sana. Lakini wanung'unikao na waangalie nyuma yao pia. Katika mwaka ule wa 1945 Uingereza iliwiwa na Wahindi, Wamisri na wengine paundi milioni 3,000 na zaidi, thamani ya vyakula na kazi na vitu vilivyochukuliwa kwa ajili ya vita, nao wakaandikiwa tu katika vitabu vya London. Walikuwako Waingereza waliosema kwamba Wahindi wapunguze deni hilo, kwa kuwa walilindwa. Ni yale yale maneno, wasemaji wamebadilishana viti tu. Na hapa kwetu Tanganyika mkonge uliuzwa Marekani kwa dola, dola zikawekwa katika hazina moja ya London. Ukosefu wa dola na wa mafuta ndio uliochochea kazi ile ya karanga ya Kongwa iliyoanza mwaka wa 1947 na kuharibika. Wengi wetu tulisikia habari za matrekta yake kwa wazee, wala hatukuambiwa kwamba mzizi wake mmoja ulikuwa deni la Ulaya.

Hata hivyo Marekani ile ile, kuanzia mwaka wa 1948, ilitoa kwa mpango wa Bwana Marshall dola bilioni 13 hivi, sehemu kubwa zikiwa zawadi, na Uingereza ikapata fungu kubwa kuliko wote. Hofu ya Warusi ilikuwamo. Hatusemi kwamba ulikuwa upendo mtupu. Tena Februari 1953, katika mapatano ya London, Wadachi walisamehewa karibu nusu ya madeni yao ya nje, na Uingereza yenyewe ilitia sahihi miongoni mwa wenye kusamehe. Basi adui alipunguziwa, na rafiki akaendelea kulipa yote. Yule mwana mkubwa wa Luka 15 angelijua uchungu huu. Lakini hata yeye hakudhulumiwa kitu. Kilichomuuma ni kuona furaha ya mwingine. Wadachi walipunguziwa kwa sababu watu walikumbuka matunda ya fidia ya mwaka 1921, na kwa maoni yetu walifanya vema.

Ubaya mkubwa zaidi wa deni kati ya marafiki twauona mahali pengine. Mwaka wa 1956 Waingereza na Wafaransa waliingia Suez kwa silaha. Paundi ikaanza kuanguka, na Marekani ikakataa kuitegemeza hata majeshi yaondoke. Kwamba vita vile vilikuwa vibaya, twakubali. Walakini siku ile ilidhihirika kwamba hazina ya rafiki yaweza kuwa hatamu, na Mithali 22 ilikuwa imekwisha kutuonya habari za hali ya mwenye kukopa mbele ya mwenye kumkopesha.

Zawadi nayo ina uzito wake. Wamisionari Wadachi walipoondolewa mashamba yao hapa katika vita ya pili, ndugu wa Augustana kutoka Marekani na wengine kutoka Uswidi walikuja kushika kazi, wala wazee wetu hawakupewa hati ya kutia sahihi. Paulo alipomwandikia Filemoni alijitwika deni la Onesimo, lakini hakuacha kumkumbusha Filemoni naye anawiwa nini. Hata mtume aliona ni sawa kulitaja deni asilokusudia kulidai.

Uingereza ililipa. Mara sita iliahirisha, kama mkataba ulivyoruhusu, lakini tarehe 29 Desemba 2006 ilipeleka Marekani fungu la mwisho, dola milioni 83 na kidogo, na siku hizo hizo ikamaliza deni la Kanada. Mwaka wa 2015 iliwalipa pia raia wake waliokuwa bado na hati za mkopo wa vita ya kwanza. Deni lile jingine la vita ya kwanza, lile Bwana Baldwin alilopatana mwaka wa 1923, limelala katika vitabu tangu Juni 1934; halikulipwa, wala halikufutwa.