Akiba Hugeuka Lini Kuwa Ulanguzi?

Wazee wetu walisema akiba haiozi. Nasi wa Dodoma, tulioijua miaka ya njaa, twafahamu thamani ya kihenge kilichojaa. Je, kuweka akiba kwaweza kuwa dhambi?

Mwanzoni mwa mwaka 1983, kabla Waziri Mkuu Edward Sokoine hajaanzisha msako wa walanguzi mwezi Machi, nilikuwa mwalimu kijana mwenye pikipiki. Bidhaa zilikuwa adimu, na bei zikipanda. Nilipopata makopo manane ya oili ya injini niliyanunua yote, nikayaficha chini ya kitanda. Juma lililofuata mashine ya kusaga ya kijiji ilisimama kwa kukosa oili. Akina mama walijitwika uwele kwenda kusaga kijiji jirani. Mimi nilinyamaza. Msako ulipoanza haukufika kwangu, dhamiri ilifika.

Yusufu naye aliweka akiba kule Misri. Lakini alikusanya wakati wa neema, na njaa ilipokuja alifungua ghala. Mimi nilikusanya wakati wa uhaba, na shida ilipokuja nilifunga mlango. Kopo la ziada wakati wa uhaba hutoka mkononi mwa jirani.

Mwaka 2022 bei za mafuta zilipopanda nilisikia tena: "Nunua mengi, kesho hakuna." Tujiulize kwanza: ni nani atakayekosa ili mimi nizidishe? Na kama kopo limekwisha kufichwa, bado twaweza kulitoa.